Datsun 240Z

Datsun 240Z ni gari la michezo la milango 2 lililotengenezwa na kampuni ya Nissan ya Japani kuanzia mwaka 1969 hadi 1973. Nchini Japani liliuzwa kwa jina la Nissan Fairlady Z. Katika Afrika ya Mashariki linakumbukwa hasa kwa kushinda mbio za Safari Rally mwaka 1971 na 1973.

Muundo na soko

Gari hili lilikuwa na boneti ndefu, paa la kuteremkia nyuma na injini ya silinda 6 zilizopangwa kwa mstari, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 2,393. Umbo lake lilisanifiwa na kikundi kilichoongozwa na Yoshihiko Matsuo. Yutaka Katayama, aliyesimamia biashara ya Nissan nchini Marekani, alihimiza litengenezwe kwa ajili ya soko hilo. Huko bei yake ilianzia dola 3,526, chini sana ya bei ya Jaguar E-Type au Porsche 911 za wakati huo.

Safari Rally

Mbio hizi zilianza mwaka 1953 zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Ziliendeshwa kwenye barabara za kawaida zenye vumbi, mawe na matope, kwa hiyo gari lilihitaji uimara kuliko kasi peke yake. Mwaka 1971 Edgar Herrmann alishinda kwa 240Z akiwa na mwelekezi wake Hans Schüller, na nafasi ya pili ikachukuliwa na Shekhar Mehta kwa gari la aina hiyohiyo. Mwaka 1973 Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyehamia Kenya, alilingana pointi za adhabu na Harry Källström aliyeendesha Datsun nyingine. Kanuni za kutenganisha waliolingana zilimpa Mehta ushindi.

Kulinganisha na Datsun 160J

Datsun 160J, ambayo pia iliitwa Violet, ilishinda Safari Rally mara 4 mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982, zote ikiendeshwa na Mehta. Huo ni ushindi mara mbili ya ule wa 240Z. Hata hivyo, nje ya Afrika ya Mashariki ni wachache wanaoikumbuka, isipokuwa wafuatiliaji wa mbio hizo. Kwa hiyo idadi ya ushindi haitoshi kueleza umaarufu wa gari.

Tofauti iko katika mambo matatu. Kwanza, Violet ilikuwa gari la familia lililofanana na mengi ya wakati wake, ilhali 240Z ilitambulika kwa mbali. Pili, aliyenunua Violet aliitumia kwa safari za kila siku hadi ikachakaa. Wenye 240Z wengi walitunza magari yao kama kumbukumbu. Tatu, Nissan iliacha kutumia jina la Violet, lakini herufi Z iliendelea katika magari yaliyofuata, kama vile 260Z, 300ZX, 350Z na 370Z. Kila gari jipya la ukoo huo liliwarudisha watu kwenye lile la kwanza.

Katika miaka ya 1990 Nissan yenyewe ilikusanya baadhi ya 240Z za zamani nchini Marekani, ikazikarabati na kuziuza tena.