Kifuko cha sindano: historia isiyoandikwa ya Korogwe na Handeni

Historia ya Korogwe huandikwa kwa mambo makubwa: reli, mkonge na vita. Ya Handeni huandikwa kwa misafara na kwa miaka ya njaa. Sina ugomvi na hayo. Lakini kipo kitu kinachoenea kiganjani, kilichopita katika mambo yote hayo bila kupewa hata mstari mmoja vitabuni: kifuko cha kutunzia sindano, uzi, vifungo na mkasi mdogo. Ulaya na Marekani wafumaji wa mikono wameanza kukifuma upya kwa mitindo ya kale, na ukiona kazi zao unatamani kuuliza: cha kwetu kilikuwaje?

Jibu linaanza kabla ya sindano ya chuma. Mwanamke wa Kizigua aliyesuka mkeka au kikapu alikuwa mshonaji tayari. Ukili husukwa kwa vidole kutokana na majani ya ukindu yaliyochanwa, lakini mkeka haukamiliki mpaka kili zile ziunganishwe ubavu kwa ubavu kwa shazia, ile sindano kubwa inayovuta utepe wa jani badala ya uzi. Mkono uliozoea shazia haukuhitaji kufundishwa maana ya mshono. Kilichopungua kilikuwa uzi mwembamba, na nguo ya kuutumia.

Nguo ilipanda kutoka Pangani. Katika karne ya 19 misafara iliyofuata bonde la Mto Pangani kwenda bara ilipitia maeneo ya Korogwe ikiwa na mitumba ya merikani, kitambaa cha pamba kilichofumwa katika viwanda vya kaskazini mashariki mwa Marekani, pamoja na kaniki ya Kihindi. Mkataba wa biashara wa mwaka 1833 kati ya Sultani Seyyid Said na Marekani ndio uliofungulia merikani mlango wa Unguja, na wafanyabiashara wa mji wa Salem wakaufaidi kwa miaka mingi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilipopunguza pamba, upungufu ulifika mpaka huku. Nguo wakati huo ilikuwa ni fedha: ilipimwa kwa mkono na kwa doti, ililipia chakula njiani, ilitolewa mahari na hongo, yaani ushuru wa kupita. Mtu hatupi fedha kwa sababu imechanika. Alishona tundu, akatia kiraka, na sindano ya kufanyia kazi hiyo ikawa mali ya kufichwa. Nayo ilitoka mbali. Mji wa Redditch nchini Uingereza ulikuwa kitovu cha utengenezaji wa sindano duniani, na Wajerumani walikuwa na Aachen. Mpaka leo wapo wenye maduka wasiokubali kuuza sindano usiku.

Wamisionari walileta kushona kama somo. Shule ya wasichana ya Mbweni, Unguja, iliyokuwa ya misheni ya Kianglikana ya UMCA (Universities' Mission to Central Africa), iliongozwa na Caroline Thackeray aliyefika mwaka 1877. Wengi wa wanafunzi wa mwanzo walikuwa watoto waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Walisoma, walishona, walisuka mikeka, na baadhi yao waliolewa na walimu wakavuka kwenda vituo vya bara, Magila kikiwa kimojawapo. Kutoka upande wa Magila misheni ilienea hadi Korogwe na Kideleko ya Handeni. Nauona mkono wa wanawake hao katika kila kitambaa kilichotarizwa kwenye nyumba za wazee wa huko. Ni kweli kwamba somo lile lilikuwa pia njia ya kumfunga msichana nyumbani, na sitaki kulipamba. Lakini ujuzi ulibaki mikononi mwake, na aliutumia alivyotaka.

Kisha Juni 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Smuts liliteremka na bonde la Pangani, likaingia Korogwe katikati ya mwezi, likaichukua Handeni siku chache baadaye, na tarehe 24 likapigana na Wajerumani kwenye Mto Lukigura. Daktari wa jeshi Francis Brett Young alikuwemo katika mwendo huo, na kitabu chake Marching on Tanga kilitoka mwaka 1917. Katika vifaa vya askari wa Kiingereza kulikuwa na kifuko cha kushonea: kitambaa cha kukunja chenye sindano, uzi, sufu ya kuziba soksi na vifungo vya akiba, kikafungwa kwa utepe. Kilikuwa kitu cha lazima. Pori la Handeni lina miiba, na kaki iliyolowa jasho wiki nzima haiihimili. Kwa hiyo wanaume ambao labda hawakuwahi kushika sindano kwao walikaa chini ya miti ya Uzigua wakishona suruali.

Upande wa pili, Wajerumani walikuwa wamezibiwa bahari na manowari za Uingereza. Nguo ziliadimika. Pamba ilisokotwa kwa mkono, vitanda vya kufumia vikatengenezwa misioni na majumbani, na kitambaa kikatiwa rangi ya kahawia kwa mizizi ya miti ili kifanane na nyasi. Taasisi ya utafiti ya Amani, milimani Usambara, ilitengeneza dawa ya kwinini na bidhaa nyingine zilizokosekana. Kutoka Mombo hadi Handeni walitandaza reli nyembamba ya vitoroli, na vitoroli hivyo vilisukumwa na watu. Watu hao, pamoja na maelfu ya wapagazi wa pande zote mbili, ndio waliochakaliwa na nguo kuliko wote. Kumbukumbu za vita zimejaa begi la askari, kitu kwa kitu. Mzigo wa mpagazi mwenyewe, ule wa kwake, karibu hautajwi.

Mkonge ulileta uzi wa aina nyingine. Mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche kutoka Florida, na ile 62 iliyofika hai ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani, mwaka 1893. Reli ya Tanga ilipofika Korogwe mwaka 1902 mashamba yaliifuata: Magunga, Ngombezi, Hale na mengine. Jani liliingia korona, mashine ya kuchambua mkonge, likatoka singa, nyeupe, ndefu kama mita moja, ikaanikwa na kupigwa brashi. Singa ni kali mno kwa nguo, lakini kwa kamba, gunia na mdomo wa kikapu haina mpinzani. Na jani lile lile lenye mwiba nchani liliwachania nguo manamba waliotoka Kigoma, Songea na kwingineko kuja kujaza kipande, ile kadi ya siku za kazi. Miaka ya 1950 vilabu vya akina mama vya idara ya maendeleo ya jamii vikaleta darasa la kushona na kufuma, na baada ya UWT (Umoja wa Wanawake wa Tanganyika) kuanzishwa mwaka 1962 kazi hiyo ikaendelezwa na wanawake wenyewe. Vitambaa vya kufuma vinavyofunika makochi nchi nzima vina ukoo na madarasa hayo.

Basi, ukitaka kufuma kifuko hicho leo, tumia uzi wa pamba. Sufu ya nailoni hulegea na kuvutika. Kwa sindano mbili za milimita 3 anza na vitanzi 30, ufume mshono ule ule wa kawaida kila mstari, kwenda na kurudi, mpaka upate urefu wa sentimita 33 hivi. Mshono huo haujikunji pembeni. Pindisha sentimita 12 kuwa mfuko, sentimita 9 za mwisho ziwe kifuniko, kisha shona mbavu. Ndani weka kipande cha kanga iliyochakaa, kwa sababu sindano hupenya ufumaji kirahisi na kumchoma mwenye kifuko. Juu ya kanga hiyo shikiza kipande kidogo cha kitambaa cha sufu halisi, ndicho cha kuchomekea sindano: mafuta ya asili ya sufu huzichelewesha kupata kutu, na unyevu wa Korogwe wakati wa masika si wa mchezo. Kwa kufungia chukua singa tatu au nne, zilowanishe, zisokote pajani.

Vipimo hivyo ni vyangu, si vya wazee. Kama una bibi Manundu ya Korogwe au Chanika ya Handeni ambaye bado anacho chake, awe alikifuma, alikishona au alikisuka kwa ukindu, mwombe akifungue akuonyeshe alivyopanga vitu vyake ndani, ukiandike na kukipiga picha, kisha ndipo uanze vitanzi vyako.