Almasi ya kunolea misumeno na bondi ya dola 10

Miaka zaidi ya 70 imepita tangu Februari 15, 1955, siku General Electric ya Marekani ilipotangaza kwamba imetengeneza almasi maabarani. Wengi waliwazia pete. Wanoaji waliwazia meno ya misumeno.

Meno hayo ni ya kabaidi ya tungsteni (si ile ya kuivishia ndizi), aliyoivumbua Karl Schröter wa Osram, Ujerumani, mwaka 1923, kisha Krupp wakaiuza kwa jina la Widia. Jiwe la kijivu linalonoa panga vizuri huishia kuisugua na kuipasha moto. Lile la kijani, la silikoni kabaidi, huila, ila huacha makali yenye mapengo na lenyewe huisha upesi. Inabaki almasi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, almasi ya viwandani ilitoka zaidi Kongo, hasa Bakwanga, ambayo leo ni Mbuji-Mayi, na Marekani haikupenda kutegemea machimbo ya mbali kiasi hicho.

Hapo ndipo anapoingia Tracy Hall, mkemia wa maabara ya General Electric huko Schenectady. Kwa simulizi yake mwenyewe, wakubwa walimnyima fedha za kuchongesha chombo alichobuni, akachongewa kichinichini na rafiki. Mashine ya kugandamiza aliyoachiwa ilikuwa kuukuu, ya tani 400, inayovuja maji. Ili chombo kihimili shinikizo, moyo wake ulihitaji kabaidi ileile ambayo almasi ingekuja kuinoa, nayo akaipata baada ya kubembeleza sana. Desemba 16, 1954 alipoivunja sampuli akaona almasi zikimetameta, na magoti yakamlegea. Kampuni ikamzawadia bondi ya akiba ya dola 10! Kuna wanaowatetea waajiri wake kwamba kazi ilikuwa ya timu, na kwamba kampuni ya ASEA ya Sweden ilitangulia mwaka 1953 ikanyamaza. Sawa, lakini dola 10? Hall alihamia Chuo Kikuu cha Brigham Young, na serikali ikamzuia kwa amri ya usiri kukitumia chombo alichokibuni. Akabuni kingine.

Kuanzia 1957 almasi ya maabara iliingia sokoni. Leo China ndiyo inayoongoza kuizalisha. Karakana nyingi zina jiwe la almasi, na bado utamkuta fundi analikandamiza kwenye chuma kitupu, ilhali chuma kikipata moto huila kaboni ya almasi. Wachimbaji wa Bakwanga, waliolisha viwanda vya vita, hawajapata hata nusu ya wino uliomwagwa kwa bondi ya Hall.