Mama Zetu, Walinzi wa Habari za Visiwani

Ndugu Waislamu, ada ya vitabu vya ukumbusho ni kuwataja masheikh waliosomesha, matajiri waliojenga misikiti na manahodha waliovuka bahari. Wote hao wastahili, na Mungu awarehemu. Lakini liko kundi ambalo kalamu zetu zimelisahau, nalo ni mama zetu wa Visiwani na pwani ya Kisimayu, ambao bila ya daftari wala wino wametuhifadhia habari zetu.

Visiwa vyetu vimejipanga kusini ya Kisimayu kuelekea Ras Kiamboni: Koyama, Ngumi, Chovai, Chula na vingine vidogo. Magofu ya misikiti na makaburi ya mawe yashuhudia kwamba Uislamu ulitia nanga huko tangu zamani. Watawala walikuja na kupita. Bendera ya Seyyid wa Unguja ilipepea Kisimayu, kisha ya Mwingereza. Mwaka 1925 nchi ya Juba ikakabidhiwa Mtaliani. Na tarehe 1 Julai 1960 ikapandishwa bendera ya Jamhuri ya Somalia. Kila mtawala alikuja na makarani wake, akaandika aliyoyataka yeye. Nyumbani lugha ilibaki Kibajuni, kwani ndiyo mtoto aliyobembelezewa.

Tukitazame chombo chetu cha kale, mtepe. Watu humsifu fundi aliyeuunda na nahodha aliyeushika. Lakini mtepe haukuwa na msumari. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na tanga lake lilikuwa mkeka wa miyaa. Na katika pwani yetu ni nani aliyefukia makumbi mchangani, akayafukua, akayaponda na kusokota kamba, kisha akaketi uani kusuka miyaa, ila mwanamke? Mikono ikifanya kazi, ulimi ulisimulia: nani mwana wa nani, ukoo upi ulitoka kisiwa kipi, kisima kipi kilichimbwa na babu yupi. Arusini yakaimbwa hayo hayo, na wari wakayashika.

Wageni wenye elimu waliandika mambo yenye faida. Mtaliani Vittorio Grottanelli alitoa mwaka 1955 kitabu kikubwa juu ya Wabajuni, na jina lake lina maana ya Wavuvi wa Bahari ya Hindi. Jina hilo lamkumbusha msomaji nyavu na matanga, uani halimfikishi.

Vita vilipozuka mwaka 1991, mali na vyombo vyetu viliporwa, watu wakauawa, na wengi wakakimbilia Kenya. Wako waliohifadhiwa katika kambi ya Jomvu, Mombasa. Hati zilipotea. Baadaye baadhi yao walifika Uingereza kuomba hifadhi, wakaulizwa: Je, wewe ni Mbajuni kweli? Vitaje visiwa. Sema Kibajuni. Mwaka 2004 baraza la rufaa za wahamiaji la huko lilitoa hukumu juu ya jambo hilo hilo, yaani uzito wa kujua Kibajuni katika kumtambua Mbajuni. Fikirini, ndugu zangu! Maneno ya mama ya kumbembeleza mwanawe yakawa ushahidi mbele ya hakimu. Na kijana aliyelelewa mbali, asiyejaliwa kuyasikia, akasimama bila ya shahidi.

Basi yatupasa tufanye nini? Mfano tunao kwa jirani zetu wa Mombasa. Sarah Mirza na Margaret Strobel waliketi na bibi watatu wa mji huo, Bi Kaje, Bi Mishi na Bi Shamsa, wakaandika maisha yao kama walivyoyasimulia wenyewe. Kitabu kikatoka mwaka 1989. Nasi tuna bibi zetu, Kisimayu, Mombasa na Ulaya. Mabinti na wakae nao, wawaulize kwa adabu, waandike majina ya visima, makaburi, pepo na samaki, na nasaba za koo, kila neno kwa Kibajuni chake. Kazi hii yafaa ishikwe na akina mama wenyewe, kwani yako mambo ambayo bibi hamwambii mwanamume. Sisi wanaume tutoe gharama za daftari na za kupiga chapa, wala tusijitie mbele.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, awape afya waliobaki, na atujaalie tuwahi kuwasikiliza. Amin.