Isiolo na Kifungu cha Dharura

Zama za Mwingereza, mtu aliyetaka kuingia nchi ya kaskazini mwa Kenya kupitia Isiolo alitakiwa kuwa na hati ya idhini, kwa kuwa sheria ya 1926 ilikuwa imeifunga nchi ile. Na uhuru ulipokuja, kizuizi hicho hakikuondoka pamoja na aliyekiweka, bali kilihamia katika sheria kuu ya dola.

Katiba ya 1963 ilikuwa ya kibunge: Waziri Mkuu Jomo Kenyatta aliwajibika kwa Bunge, na majimbo yalikuwa na madaraka yake. Walakini amri iliyoileta katiba hiyo ilimruhusu Gavana Mkuu kuitawala Kaskazini Mashariki kwa kanuni zake mwenyewe. Jamhuri iliposimama tarehe 12 Desemba 1964, mamlaka hayo yakamwangukia Rais. Na mwaka 1966, vita vya shifta, yaani waasi waliotaka kaskazini ijitenge na Kenya, vikiwa vimepamba moto, Bunge likayaeneza hadi Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu.

Sikatai kwamba hatari ilikuwapo, maana Daudi Dabaso Wabera, Mkuu wa Wilaya (DC) Mwafrika wa kwanza wa Isiolo, aliuawa Juni 1963 pamoja na Chifu Haji Galma Dido. Lakini adhabu iliwaangukia hata wasio na hatia. Wafugaji wa Waso, yaani nyanda za Isiolo, walikusanywa kambini, Garba Tulla na Merti zikiwemo. Ng'ombe na ngamia, waliozoea kuyafuata malisho mwendo wa siku kadhaa, wakazuiliwa kando ya kambi hata wakafa kwa njaa, na tajiri wa jana akapanga foleni ya posho. Kisha mwaka 1970 Bunge likapitisha sheria ya kuwakinga maofisa na askari kwa waliyoyatenda huko kati ya tarehe 25 Desemba 1963 na 1 Desemba 1967, Isiolo ikitajwa humo kwa jina. Kanuni za dharura zenyewe hazikufutwa hadi 1991.

Kwa hiyo wabunge walipokutana Naivasha Januari 2010 kuhusu rasimu ya katiba mpya wakajadili kama nchi iwe na Waziri Mkuu mwenye nguvu au Rais, wakachagua Rais, mimi naona jambo zito zaidi kwa Isiolo lilikuwa katika Kifungu cha 58 cha katiba iliyozinduliwa Agosti mwaka huo: tangazo la hali ya hatari hudumu siku 14 tu, haliongezwi bila theluthi mbili ya Bunge la Taifa, Mahakama ya Juu yaweza kuamua uhalali wake, wala haliwezi kumkinga yeyote, hata Serikali, kwa tendo lililovunja sheria.