Kusikiliza dhoruba kwa redio, na asubuhi ambayo 911 ilinyamaza

Wasomaji wangu, leo tuweke kando kidogo mambo ya hifadhidata. Nimekuwa nikisoma ripoti za dhoruba iliyopiga Marekani tarehe 29 Juni 2012, na kadri ninavyosoma ndivyo ninavyoona kwamba hadithi hii inatuhusu sisi watu wa tarakilishi pengine kuliko inavyowahusu watu wa hali ya hewa. Mwaka huo nilikuwa kidato cha kwanza na sikusikia lolote. Waliokuwa wakitumia Netflix na Instagram walisikia, maana zote mbili zilizimika usiku huo. Lakini Instagram kuzimika si kitu. Asubuhi yake ilizimika 911, ile namba Wamarekani wanayopiga nyumba ikiwaka moto au moyo ukigoma.

Kwanza dhoruba yenyewe. Siku hiyo Washington ilifika nyuzijoto 40, na mawingu ya radi yakaanza kujipanga upande wa Chicago. Yakawa mstari mmoja mrefu uliosukuma upepo mbele yake, aina ya dhoruba inayoitwa derecho. Ulisafiri kama kilomita 1,100 kwa muda wa saa 12 hivi, ukapita Indiana, Ohio na West Virginia, ukaingia Washington na vitongoji vyake vya Virginia kati ya saa nne na saa tano usiku. Kule Fort Wayne, Indiana, upepo ulipimwa kilomita 146 kwa saa. Zaidi ya wateja milioni nne walikosa stima.

Sasa, utajuaje dhoruba kama hiyo inafanya nini mtaani? Rada inakuonyesha mvua na upepo ulioko juu. Haikuonyeshi mti ulioanguka juu ya paa la nani. Hapo ndipo redio ya dharura inapoingia.

Redio hii ina historia ndefu. Polisi wa Detroit walianza kutumiwa taarifa kwa redio mwaka 1928, lakini ilikuwa ya upande mmoja tu: kituo kinasema, gari linasikia, na askari akitaka kujibu lazima atafute simu. Mwaka 1933 mji wa Bayonne, New Jersey, ukaweka redio ya kusema na kujibu ndani ya magari. Baadaye zikaja skana, redio zinazoruka kutoka chaneli moja hadi nyingine mpaka zikute mtu anayeongea, na Wamarekani wengi wakajizoesha kuziacha zikinguruma jikoni dhoruba inapokuja. (Kabla hujakimbilia kuagiza ya kwako, soma kwanza sheria ya nchi uliyoko, si kila mahali panaruhusu. Hata Washington penyewe polisi walishafunga mawasiliano yao kwa usimbaji mwaka 2011.)

Ukisikiliza dhoruba kwa njia hiyo unaisikia ikitembea. Kwa kawaida kengele za moto zinazojipigia zenyewe hutangulia, moja baada ya nyingine, na hakuna moto wowote. Ni stima inayoyumba na mitambo kuchanganyikiwa. Halafu nyaya zimeanguka barabarani. Transfoma imelipuka. Mti juu ya gari, kuna mtu ndani. Watu wamekwama kwenye lifti. Kila wito una anwani na saa, kwa hiyo mtu mwenye kalamu na ramani anaweza kuchora mstari wa dhoruba ukisogea kutoka kata hadi kata, huku mvua ikiwa bado haijafika kwake. Upepo ukishapita, redio hainyamazi. Saa chache baadaye wanaanza wagonjwa ambao mashine zao za oksijeni zimeishiwa betri, kisha watu waliolewa moshi wa jenereta waliyoiwasha ndani ya nyumba, kisha wazee waliozidiwa na joto. Na wimbi hilo la pili si dogo. Kwa hesabu ya shirika la hali ya hewa la Marekani, upepo wenyewe uliua watu 13, wengi kwa miti kuwaangukia. Joto la wiki mbili zilizofuata, kwenye maeneo yaliyokosa stima, liliua 34.

Nyinyi mnaoandika programu mmeshaitambua hii. Ni logi! Lile daftari ambalo programu inajiandikia yenyewe, mstari kwa mstari, kila mstari na saa yake. Na sote tunajua ubaya wa logi: haiandiki isipokuwa kitu kimeifikia.

Jumamosi asubuhi, tarehe 30 Juni, upepo ulishapita zamani na jua limetoka, simu za 911 zikaacha kuingia katika kaunti ya Fairfax, yenye watu zaidi ya milioni moja, na kwa majirani zake Prince William, Manassas na Manassas Park. Hazikupungua. Zilikatika kabisa. Hebu jiweke kwenye kiti cha mtu anayetuma magari. Usiku kucha umepokea simu bila kuvuta pumzi, sasa meza imetulia. Redio bado inafanya kazi, kwa sababu haipitii kwenye mitambo ya kampuni ya simu, na wazima moto walioko barabarani wanaendelea kuripoti wanachokiona kwa macho yao. Ila ya yule mama aliyeko ghorofa ya tatu, anayebonyeza 911 na kusikia kimya, redio haiwezi kusema lolote. Kwenye ramani yako mtaa wake unaonekana salama.

Ilikuwaje? Tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ilichunguza na kutoa ripoti Januari 2013, na kwangu ile ripoti inasomeka kama riwaya ya upelelezi. Simu za 911 za eneo hilo zilikuwa zikipitia majengo ya mitambo ya kampuni ya Verizon, na mawili kati yake, la Arlington na la Fairfax, yakakosa stima usiku. Kila jengo lilikuwa na jenereta mbili. Katika kila jengo moja ikagoma. Ya Arlington ilikuwa na hewa kwenye mfumo wa mafuta. Ya Fairfax ilishindwa na kile kifaa cha kuiwasha yenyewe. Mitambo ikabaki kwenye betri, na betri ni betri, zikaisha. Kuna jambo lililoniuma zaidi ya jenereta: mfumo ambao Verizon waliutumia kuiangalia mitambo yao kutoka mbali nao ulitegemea mitambo hiyohiyo. Jengo lilipozimika, jicho likafumba pamoja nalo.

Kwa jumla vituo 77 vya kupokea simu za dharura katika majimbo sita viliguswa, na 17 vilipoteza huduma yote, wakazi zaidi ya milioni mbili wakiwa hawawezi kuifikia 911. Watu wa Fairfax waliambiwa kupitia Twitter na Facebook waende wenyewe hadi kituo cha polisi au cha zimamoto kilicho karibu. Ndiyo, mwaka 2012, nje kidogo ya mji mkuu wa Marekani, dharura iliripotiwa kwa kugonga mlango.

Ile ya Netflix na Instagram ilikuwa hukohuko Virginia, kwenye seva za kukodi za Amazon. Stima iliyumba, jenereta za jengo moja zikashindwa kutoa umeme uliotulia, betri zikaisha, na saa tano na dakika chache usiku seva zikaanza kuanguka. Ziliguswa kama asilimia 7 ya seva za kukodi za ukanda huo. Dunia nzima ya teknolojia iliiandika hiyo, na ni haki yake, tulijifunza mengi. Lakini nilipotafuta makala za watu wetu kuhusu 911 ya Fairfax, nilipata chache mno, na hilo sikulipenda.

Kuna sadfa moja ya tarehe. Namba ya kwanza ya dharura duniani, 999 ya London, ilifunguliwa tarehe 30 Juni 1937, baada ya moto wa mwaka 1935 katika mtaa wa Wimpole ulioua wanawake watano. Jirani aliyepiga simu alikuwa amewekwa kwenye foleni ya kawaida ya wapiga simu. Miaka 75 baadaye, siku ileile, Fairfax hapakuwa hata na foleni.

Desemba 2013 FCC ilitoa kanuni. Kampuni zinazobeba simu za 911 zinatakiwa kila mwaka kuthibitisha kwa maandishi mambo matatu: kwamba nyaya zinapita njia zaidi ya moja, kwamba umeme wa akiba upo na unajaribiwa, na kwamba macho ya kuangalia mtandao hayategemei nyaya zilezile yanazoziangalia.