Onyo la Dawa katika Nchi ya Mara: Kutoka Kinywani hadi Kompyuta

Historia ya tiba ya hospitali katika nchi ya Mara aghalabu husimuliwa kwa kutaja majengo, magonjwa na dawa. Lakini iko sehemu nyingine ya historia hiyo isiyoangaliwa sana, nayo ni historia ya onyo: nani huonya kwamba dawa fulani yaweza kumdhuru mgonjwa, kwa njia gani, na kwa maneno yapi. Makusudi ya makala hii ni kuonyesha kwamba onyo hilo limepita hatua tatu, yaani kinywa, karatasi na kompyuta, na kwamba hatua ya tatu haitafaa ikiwa ya kwanza itasahauliwa.

Hapo kwanza onyo lilikaa vinywani. Klorokwini, iliyotumika miaka mingi kutibu malaria, iliwaletea Waafrika wengi mwasho mkali wa ngozi, na habari hiyo ilienea nyumba kwa nyumba bila ya kuandikwa. Mwaka 2001 Tanzania Bara iliiacha klorokwini kwa kuwa vimelea vya malaria vilikwisha kuizoea, ikashika SP, dawa ya jamii ya salfa. Mwaka 2006 dawa ya mseto ikachaguliwa mahali pake. Salfa huwafaa wengi, ila kwa watu wachache huleta malengelenge, vidonda vya mdomo na macho, na ngozi kubambuka, hata pengine kufa. Basi neno "salfa" likawa la kila mtu. Asiyejua kusoma naye husema, "Salfa inanikataa," na msemo huo ni onyo kamili.

Karatasi ilifuata. Baada ya dawa ya thalidomaidi kulemaza maelfu ya watoto wachanga, jambo lililojulikana wazi mwaka 1961, Shirika la Afya Duniani lilianzisha mwaka 1968 mpango wa kukusanya habari za madhara ya dawa. Tanzania ilijiunga nao mwaka 1993. Tabibu aonaye dhara huandika katika fomu ya njano, nayo hupelekwa kwa mamlaka ya dawa, iliyoitwa TFDA hadi mwaka 2019 na sasa huitwa TMDA. Kazi hiyo ni kubwa, lakini fomu husimulia dhara lililokwisha kutokea.

Kompyuta imekuja na ahadi ya kuonya kabla. Daktari anapoandika dawa, mashine huilinganisha na dawa nyingine za mgonjwa, mizio yake na hali ya figo zake, kisha hutoa onyo. Katika hospitali moja kubwa ya Boston, Marekani, uchunguzi uliotangazwa mwaka 1998 ulionyesha kwamba makosa mazito ya dawa yalipungua kwa asilimia 55 baada ya madaktari kuanza kuandika dawa kwa kompyuta. Huku Afrika ya Mashariki, kituo cha Mosoriot, Kenya, kilianza kuweka kumbukumbu za wagonjwa katika kompyuta mwaka 2001. Tanzania nayo ina mfumo wa GoTHoMIS katika hospitali na vituo vya serikali. Hata hivyo, kuweka kumbukumbu si sawa na kuonya.

Mfano utalifafanua jambo hili. Mgonjwa wa Butiama aweza kupewa dawa katika zahanati ya kijijini, akanunua nyingine dukani Bunda, kisha akalazwa Musoma. Akiwa ni mwanamke mjamzito anayetumia Septrini kwa sababu ya virusi vya UKIMWI, haipasi apewe tena SP ya kumkinga na malaria, kwa kuwa zote mbili zina salfa, na kuzikutanisha huzidisha hatari. Kompyuta yaweza kulizuia kosa hilo mara moja, kwa sharti kwamba dawa zote mbili zimeandikwa mahali pamoja.

Sharti la pili ni lugha. Mgonjwa huyo hajui sulfadoksini wala sulfamethoksazoli. Anajua Metakelfini, Fansidari na Septrini, na pengine hueleza habari zake kwa Kizanaki, Kijita au Kikurya kabla hazijaandikwa kwa Kiingereza. Akisema kwamba Metakelfini ilimkataa zamani, na likaandikwa jina hilo tu, mashine isiyojua kwamba Metakelfini ni salfa itanyamaza siku atakapoandikiwa Septrini.

Tena yako maneno mawili yasiyofaa kuchanganywa. Hospitalini husemwa "maudhi madogo madogo", yaani yale ya kuvumiliwa, kama kichefuchefu. "Madhara" ni jambo la kuachishwa dawa. Mgonjwa aliyeambiwa maudhi huenda akavumilia malengelenge hata akachelewa. Mashine nayo huweza kukosea hivyo hivyo: ikipiga kelele kwa maudhi kama kwa madhara, madaktari huacha kuisikiliza. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2006 yalionyesha kwamba maonyo ya namna hiyo yalipuuzwa kati ya asilimia 49 na 96.

Hapana shaka kompyuta itazidi kuenea Musoma, Bunda na Butiama. Wanaoitengeneza hawana budi kuipa orodha ya majina ambayo watu huziita dawa, na kuipambanulia maudhi na madhara. Na kabla ya kuandika dawa, tabibu bado hana budi kuuliza, "Dawa gani imewahi kukukataa?"