Matamshi ya Lahaja katika Hadithi za Kiingereza

Mwandishi wa Kiingereza atakaye kuonyesha matamshi ya mtu wa shamba hupatwa na shida isiyomsumbua sana mwandishi wa Kiswahili. Herufi za Kiswahili hufuata sauti. Za Kiingereza, kwa sehemu kubwa, hufuata desturi. Kwa hiyo neno likiendelezwa kinyume cha desturi, msemaji wake hutengwa na wenziwe, hata kama wao nao hawatamki kila herufi.

Hila hii ni ya zamani. Mwishoni mwa karne ya 14, Geoffrey Chaucer aliwapa wanafunzi wawili vokali za kaskazini. Katika *The Pickwick Papers*, kitabu cha 1836 na 1837, Charles Dickens alimwandikia Sam Weller, mtumishi wa London, *v* mahali pa *w*. Katika vitabu vyote viwili kusudi mojawapo lilikuwa kuchekesha.

Emily Brontë alishika njia nyingine. Katika *Wuthering Heights*, kilichotolewa mwaka 1847, mtumishi Joseph husema lahaja ya Yorkshire, nayo imeandikwa kwa uangalifu mkubwa hata msomaji mgeni hukwama. Emily alifariki mwaka 1848. Miaka miwili baadaye dada yake, Charlotte, alitayarisha toleo jipya, akayalegeza maendelezo ya maneno ya Joseph. Alikiri kwamba sikio la mtu wa Yorkshire lingeyaona kuwa sahihi; lakini aliamini kuwa watu wa kusini wasingeyafahamu.

Hoja hiyo haikuwa dhaifu. Mwaka 1878 Thomas Hardy naye alisema kwamba mwandishi akijitahidi kuonyesha kila sauti ya mwanakijiji, msomaji hutazama ugeni wa usemi na kuisahau maana ya msemaji.

Hata hivyo, kulikuwa na hasara. K. M. Petyt, katika uchunguzi wake wa mwaka 1970, aliyalinganisha maneno ya Joseph na lahaja ya Haworth, kijiji cha akina Brontë, akaona kuwa Emily aliisikia vema. Toleo la Oxford la mwaka 1976 liliyafuata maandishi ya 1847. Hivyo maendelezo yaliyoondolewa kwa kumhurumia msomaji yalikuwa pia ushahidi wa lugha ya watu ambao wengi wao hawakuwa na mtu wa kuwaandikia.